Somo la 14: Endikatifu, Sauti Inayotangulia Neno



Wapenzi wasikilizaji, ninyi mlioketi barazani kwa jirani mwenye radio, nanyi akina mama mliosimamisha mchi kidogo ili mpate kusikia, nawasalimu nyote. Kabla sauti yangu haijawafikia, mmesikia ngoma ikipigwa mara tatu. Ilipolia ngoma ile, labda mtoto mmoja nyumbani mwenu alipaza sauti akasema: "Somo limeanza!" Lakini mimi nilikuwa sijasema hata neno moja. Mtoto huyo amejuaje? Hilo ndilo jambo tutakalolitazama leo.

Nimepata barua kutoka kwa mzee mmoja anayeongoza sala za Dominika katika kijiji chake. Ameandika hivi: "Mwalimu, mawe ya radio ni ghali. Sisi hapa twachanga fedha nyumba kwa nyumba ili tuyanunue. Nawe kila juma watupigia ngoma na kinanda muda mrefu kabla ya kusema. Tulichanga fedha tusikie neno, hatukuchanga tusikie ngoma. Tena, kitu hicho chaitwaje, na chafaa nini?"

Ndugu zangu, barua hii si ya kuchekwa. Mzee huyu analinda fedha ya maskini, naye ana haki ya kuuliza. Basi nitamjibu kwanza juu ya jina, halafu juu ya kazi. Na mwisho nitawaambia kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu anayewafundisha wengine wasikosee, na yeye afiche kosa lake, hafundishi kweli.

1. Jina lake

Watu wa radio katika nchi yetu ya Kongo hukiita kitu hiki kwa neno la Kifaransa, indicatif, nasi katika vinywa vyetu tumelifanya kuwa endikatifu. Ni muziki mfupi, au mlio tu, unaosikika kila mara kipindi kinapoanza, tena mara nyingi kinapokwisha. Kwa Kiswahili twaweza kukiita kiashirio, kwa sababu chaashiria, yaani chaonyesha.

Neno hili lilitoka wapi? Asili yake ni Kilatini. Katika Kilatini, index ni kile kinachoonyesha, na ndilo jina la kidole chetu cha shahada, kile tunachokinyosha tunapomwonyesha mgeni njia. Basi endikatifu ni kama kidole cha sauti. Kidole chenyewe si njia, wala si nyumba ya mwenyeji. Lakini mgeni asipoonyeshwa kwa kidole, atapita mlango bila kuujua.

Vijana waliosoma watasema: "Mwalimu, sisi twalijua neno hili kwa maana nyingine." Ni kweli. Shuleni, katika masomo ya Kifaransa, indicatif ni namna ya kusema kitendo ambayo yaonyesha jambo lilivyo, bila kuamuru wala kutamani. Tena katika simu, tarakimu 243 zinazotangulia namba zetu huitwa indicatif ya Kongo, maana zaonyesha simu ni ya nchi gani. Tazameni, maana zote hizi ni ndugu wa tumbo moja. Popote utakapolikuta neno hili, kazi yake ni kuonyesha: ni nani huyu, au ni nini hiki.

Hapa tusichanganye mambo. Wimbo upigwao katikati ya kipindi ili watu wapumzike si endikatifu. Wimbo wa mfanya biashara anayesifu sabuni yake si endikatifu ya kipindi, ingawa nao hurudiwa kila siku. Wimbo wa taifa una heshima yake ya pekee. Radio nyingine huupiga zinapofungua au kufunga matangazo ya siku, lakini haukutungwa kwa ajili ya kipindi. Endikatifu ina alama tatu: ni fupi, ni ile ile kila mara, na ina mwenyewe. Ukiondoa moja katika hizo tatu, imebaki muziki tu.

Tena kuna endikatifu za namna mbili. Ya kwanza ni ya kituo kizima cha radio, ya pili ni ya kipindi kimoja. Ni kama katika ukoo: jina la ukoo ni la wote, na kila mtoto ana jina lake.

2. Kazi yake

Kazi yake ya kwanza ni kumsaidia anayetafuta. Wazee mwakumbuka radio za zamani zenye mshale unaozungushwa kwa mkono. Katika mawimbi mafupi sauti za nchi nyingi husongamana kama watu sokoni. Nyingine huja na kupotea kama mwanga wa taa penye upepo. Ndiyo maana vituo vikubwa vilizoea kurudia mlio wao dakika kadhaa kabla ya kusema, ili mtu aliye mbali apate kuzungusha mshale polepole, ausikie mlio anaoujua, na kusimama hapo. Kama vingeanza kusema mara moja, habari ya kwanza ingempita akiwa bado anatafuta.

Kazi ya pili ni kuwaita watu. Mama yuko jikoni, baba yuko nyuma ya nyumba akikarabati jembe, watoto wako kisimani. Ngoma ikilia, kila mmoja apata nafasi ya kuweka chini alichoshika na kusogea. Mtu mwenye adabu akifika nyumbani kwa mwenzake hasemi shida yake akiwa bado njiani. Apiga hodi, angoja karibu, aketi, ndipo aseme. Endikatifu ndiyo hodi ya radio.

Kazi ya tatu ni kutenga. Radio yaweza kusema habari za vita, kisha bei ya mihogo, kisha mchezo wa mpira, kisha neno la dini. Pasipo alama kati ya jambo na jambo, msikilizaji angechanganya yote, kama mtu aliyetia chumvi na sukari katika chungu kimoja.

Kazi ya nne ni kutunza saa. Vijijini wengi hawana saa ya mkono. Wasikiapo mlio wa habari za asubuhi, wajua kwamba ni wakati wa watoto kwenda shule.

3. Mifano ya nchi nyingi

Msidhani jambo hili ni la kwetu tu. Huko London, kengele ya saa kubwa iitwayo Big Ben ilisikika radioni mara ya kwanza usiku wa tarehe 31 Desemba 1923, mwaka wa 1924 ulipokuwa ukiingia. Tangu wakati ule watu wa nchi nyingi walijua kwamba wakisikia kengele ile, ni Uingereza inayosema.

Tarehe 12 Februari 1931 Baba Mtakatifu Pio wa 11 alifungua Radio Vatikano, ambayo ilijengwa na Guglielmo Marconi, yule fundi mashuhuri wa simu zisizo na waya. Mlio unaoijulisha radio ile ni wimbo wa Kilatini, Christus vincit, maana yake Kristu ashinda. Mwenye kuusikia ajua nani anasema, na asema kwa ajili ya nani.

Huko Uhindi, endikatifu ya radio ya taifa ilitungwa mwaka 1936 na Walter Kaufmann. Huyu alikuwa Myahudi wa Ulaya ya kati, naye alifika Bombay mwaka 1934 kama mkimbizi kwa sababu ya Wanazi. Fikirini, ndugu zangu: mtu aliyefukuzwa kwao na chuki aliwatungia watu wa nchi ngeni mlio ambao mamilioni waliamka nao kila alfajiri, miaka na miaka. Tusimdharau mkimbizi akaaye kati yetu. Hatujui Mungu ameweka nini mikononi mwake.

Wakati wa vita kuu ya pili, endikatifu ilikuwa hata silaha. Tarehe 14 Januari 1941, Mbelgiji mmoja, Victor de Laveleye, aliyekuwa akisema radioni kutoka London, aliwashauri watu wa Ubelgiji, nchi yao ikiwa imetekwa na Wajerumani, watumie herufi V kuwa alama yao. Herufi hiyo ndiyo ya kwanza katika neno la Kifaransa la ushindi na katika neno la Kiflama la uhuru. Sasa, katika maandishi ya simu ya upepo, V huandikwa kwa vipigo vitatu vifupi na kimoja kirefu. Tena simfonia ya 5 ya Beethoven huanza kwa sauti nne za namna hiyo hiyo. Basi radio ya London ikaanza kupiga ngoma: tatu fupi, moja ndefu. Katika nchi zilizotekwa ilikatazwa kuisikiliza, na aliyekamatwa aliadhibiwa. Hata hivyo watu walifunga madirisha, wakaweka sikio karibu na radio, wakasubiri vipigo vile vinne. Havikuwa na neno ndani yake, lakini viliwaambia: hamkusahauliwa.

Na Afrika je? Afrika ilikuwa na endikatifu kabla radio haijazaliwa. Radio ya Ghana ilichukua ngoma mbili ziitwazo atumpan, ambazo kwa lugha ya ngoma zawaambia watu wa Ghana wasikilize. Jirani zetu wa Zambia walichukua mlio wa tai mla samaki, ndege yule aliyemo katika bendera yao. Nasi Wakongo tuna ngoma ya mti, iliyochimbwa ndani na kuachiwa mdomo mwembamba juu. Walokele wa mto Kongo, karibu na Kisangani, wanajulikana sana kwa ngoma hiyo. Mmisionari Mwingereza wa Kiprotestanti, John Carrington, aliyekaa Yakusu tangu mwaka 1938, alijifunza kuipiga, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Alieleza kwamba ngoma ina sauti mbili, ya juu na ya chini, ambazo zafuata kupanda na kushuka kwa sauti katika lugha yenyewe. Na kwa kuwa maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa, mpigaji hatumii neno moja, hutumia msemo mrefu ili asikosewe. Tena kila mtu wa maana alikuwa na jina lake la ngoma. Mambo haya yote, je, siyo endikatifu?

Na katika Kanisa twazijua alama hizi zamani sana. Kengele ya Malaika wa Bwana hupigwa asubuhi, adhuhuri na jioni: vipigo vitatu, kisha vitatu, kisha vitatu, halafu mlio mrefu. Hakuna Mkristu anayeuliza ni nini. Na katika kitabu cha Hesabu, Mungu alimwagiza Musa kufanya tarumbeta mbili za fedha. Zikipigwa zote mbili, taifa lote likusanyike. Ikipigwa moja, waje wakuu peke yao. Na ukipigwa mlio wa namna nyingine, watu wang'oe hema na kusafiri. Tazameni jinsi jambo hili lilivyopangwa. Kama mpigaji angekosea, watoto na wazee wangeng'oa hema siku ambayo haikuwa ya safari.

Hapo, wapenzi wasikilizaji, ndipo ninapofika kwenye kosa langu.

4. Kosa langu

Tulipoanza masomo haya, Padri aliniagiza nitafute endikatifu. Nilitaka iwe ngoma ya kwetu, nisichukue kinanda cha ugenini. Wazo hilo halikuwa baya. Nikaenda kwa mpigaji mmoja mzee, katika bonde ambalo si la kwetu na ambalo lugha yake siijui vizuri. Nikamwamkia, nikampa zawadi ya chumvi, nikamwomba anipigie ngoma nipate kuinasa kwa simu yangu. Akaniuliza: "Mwalimu, wataka ngoma ya kusema nini?" Nikamjibu: "Baba, nipigie iliyo nzuri kuliko zote." Akanitazama kidogo, akainamisha kichwa, akapiga. Kweli ilikuwa nzuri. Ilianza polepole kama mvua ya mbali, kisha ikapanda, kisha ikasimama ghafula. Nikashukuru, nikarudi nyumbani kwa furaha. Sikumwuliza ngoma ile ilisema nini.

Jumatano ya kwanza tukaipiga radioni. Katika kijiji kimoja cha bonde lile, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, palikuwa na mama mjane mwenye mwana mmoja tu. Mwana huyo alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu, na kwa miezi mingi alikuwa hajaleta salamu. Mama alikuwa shambani akichimba mihogo. Jirani yake aliweka radio barazani, akaifungua kwa sauti kubwa ili watu wote wasikie somo. Ngoma ikalia.

Ndugu zangu, ngoma ile ilikuwa ya kutangaza kifo cha mtu aliyefia mbali na kwao.

Mama yule akatupa jembe. Akakimbia huku akilia kwa sauti, akaanguka mtaroni, akaumia mkono. Wanawake wengine wakasikia kilio chake nao wakaacha kazi. Sauti yangu ilipoanza kusema, "Wapenzi wasikilizaji," hapakuwa na msikilizaji. Palikuwa na msiba. Wazee wakakaa baraza, wakachanga fedha, wakamtuma kijana aende machimboni kuuleta mwili. Alitembea siku tatu. Akamkuta yule mwana ni mzima, ameshika sepetu mkononi.

Habari hii ilinifikia kwa barua. Nitawaambia kweli: moyo wangu wa kwanza ulikuwa wa kiburi. Nilisema moyoni: "Kosa ni lao. Kwa nini hawakungoja maneno? Radio ni radio, ngoma ya kijiji ni ngoma ya kijiji." Nikampelekea Padri barua ile pamoja na jibu nililokwisha kuliandika. Akasoma vyote viwili. Kisha akaniuliza neno moja: "Mwalimu, ngoma yako ilisema nini?" Nikajibu: "Padri, sijui." Akasema: "Basi ulisema mbele ya watu wote jambo usilolijua." Akanirudishia karatasi yangu. Niliichana.

Nikaenda kwanza kwa yule mpigaji mzee. Nikamwuliza: "Baba, mbona ulinipa ngoma ya msiba?" Akajibu bila hasira: "Uliniomba iliyo nzuri. Kwetu, ngoma nzuri kuliko zote ni ile ya kumlilia aliyefia ugenini, maana yabidi imfikie huko aliko. Hukuniomba ya kuita watu. Ungeniomba, ningekupa." Sikuwa na neno la kumjibu.

Kisha nikaenda kwa mama yule. Nilimkuta ameketi mlangoni, mkono wake umefungwa kitambaa. Nilipiga magoti nikasema: "Mama, nisamehe. Ngoma ile haikuwa ya kweli. Ulisikia vibaya kwa sababu yangu." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mwanangu, simama. Mimi sikusikia vibaya. Ngoma ilisema, nami nilisikia ilivyosema. Wewe ndiwe hukusikia."

Maneno hayo sitayasahau mpaka kufa kwangu. Mimi niliyesoma nilidhani alama ni pambo. Mama yule alijua kwamba alama ni neno.

Alinisamehe, lakini msidhani jambo lilikwisha pale pale. Mwanawe alikuja kulala nyumbani usiku mmoja ili mama amwone kwa macho, kisha akarudi kazini. Fedha ya wazee ilikuwa imeliwa njiani, nasi tuliirudisha kidogo kidogo mwaka mzima. Na mama mwenyewe aliniambia kwamba hata sasa ngoma ikilia ghafula, moyo wake wapiga kabla masikio hayajapambanua. Kosa lililoungamwa husamehewa, lakini kidonda hupona kwa siku zake.

Ngoma mnayoisikia leo ni nyingine. Ilipigwa na mpigaji wa kijiji kile kile cha mama yule, mbele ya wazee wao. Safari hii niliuliza, tena niliuliza mara tatu. Ni ngoma ya kuwaita watu barazani, nayo yasema hivi: wekeni jembe chini, neno limefika, njoni mlisikie wote. Wazee wa mabonde mengine nao waliisikiliza, wakatuambia kwamba kwao haina maana mbaya. Ndipo tukaitoa hewani.

5. Mambo manne ya kushika

Kutokana na hayo nimejifunza mambo manne, nami nawapa ninyi mnaopiga kengele, ngoma au chuma mbele ya vikanisa na shule zenu.

La kwanza: uliza maana. Kabla ya kuweka alama mbele ya watu, waulize wale watakaoisikia, usimwulize mpigaji peke yake. Maana ya alama haikai katika mkono wa apigaye, hukaa katika sikio la asikiaye.

La pili: usibadilibadili. Alama iliyobadilika kila juma haimwiti mtu. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba tarumbeta ikitoa sauti isiyoeleweka, hakuna atakayejiweka tayari. Kama mwapiga chuma mara tano kwa kuita sala, msipige mara tano kwa kuita watu kwenye kazi ya barabara.

La tatu: usiitumie mahali pasipo pake. Vijana wengine wameitia ngoma ya somo letu katika simu zao, ili ilie wanapopigiwa. Najua wamefanya hivyo kwa kuipenda, nami sina hasira nao. Lakini juzi, katika baraza moja, simu ililia hivyo, na wazee wote wakanyamaza wakingoja somo. Kumbe ni mtu anayeuliza bei ya mafuta ya mawese. Watu walicheka. Kesho ngoma ikilia kweli, nani ataacha jembe lake? Vijana wangu, nawaomba, tafuteni mlio mwingine.

La nne: usiirefushe. Hapa namrudia mzee aliyeniandikia barua. Baba, umesema kweli. Tulipima, tukaona kwamba ngoma na kinanda vilikula dakika nzima na nusu. Kidole chenye kazi ya kuonyesha njia kilikuwa kimeziba njia. Tumeondoa kinanda, tumebakiza ngoma mara tatu, nayo haizidi nusu dakika. Muda huo ni wa kumtosha mama atoke jikoni, wala haumalizi mawe yenu. Asante kwa kutuandikia.

Wapenzi wasikilizaji, na Mkristu naye ana endikatifu yake. Asubuhi aamkapo, na kabla ya kula, na kabla ya kulala, apeleka mkono wake kwenye paji la uso, kifuani na mabegani. Ishara ya msalaba ni fupi, ni ile ile kila mara, nayo ina mwenyewe. Yawaambia wote waonao: huyu ni wa nani. Lakini ikiwa baada ya alama hiyo hapafuati sala wala matendo mema, sisi ni radio inayopiga ngoma bila kusema neno. Na ikiwa twaifanya mbele ya mizani ya udanganyifu sokoni, ni mbaya zaidi: twapiga ngoma ya uzima na kutangaza kifo. Tusiwafanye jirani zetu watupe jembe bure.

Maswali na majibu

Mwongozaji asome swali; watu wote wajibu pamoja.

Swali: Endikatifu ni nini?
Jibu: Ni mlio au muziki mfupi, ule ule kila mara, unaoonyesha ni nani anayetaka kusema radioni, au ni kipindi gani kinachoanza.

Swali: Jina hilo lina asili gani?
Jibu: Ni neno la Kifaransa lenye asili ya Kilatini. Maana yake ni kuonyesha, kama kidole kionyeshavyo njia.

Swali: Endikatifu ina kazi gani?
Jibu: Kumsaidia anayetafuta kituo, kuwaita watu, kutenga jambo na jambo, na kutunza saa.

Swali: Maana ya alama hukaa wapi?
Jibu: Hukaa katika sikio la asikiaye. Kwa hiyo yatupasa kuuliza kabla ya kuipiga.

Swali: Ishara ya msalaba yatudai nini?
Jibu: Yatudai sala na matendo yanayolingana nayo, ili tusiwe alama bila neno.

Kazi ya juma hili: mkutane barazani, mwaulize wazee wenu ngoma zote za kijiji chenu zilisema nini. Watoto wanaojua kuandika waandike majibu katika daftari, pamoja na mahali zilipopigwa na sababu yake. Wazee wanapungua, na ngoma isiyo na mtu wa kuieleza imekuwa mti tu.

Juma lijalo, ngoma itakapolia mara tatu, mjue kwamba ni sisi. Mungu awabariki, Bikira Maria awaombee.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.